Sisimizi wa Maji ya Udhu

Siku ile mume wangu aliadhini adhana ya alfajiri saa nne asubuhi.

Nilikuwa uani nachambua mchele, nguo za mwanzo zimeshakauka kwenye kamba, mara kipaza sauti cha msikiti wetu mdogo wa Kihesa, hapa Iringa, kikakoroma kama kawaida yake kabla mtu hajasema. Nikadhani ni tangazo la msiba. Ikaja sauti ya Ahmadi, safi, haina mkwaruzo. Akaadhini taratibu mpaka akafika pale, akasema, "Asswalatu khairun minan-naum." Swala ni bora kuliko usingizi. Maneno hayo ni ya alfajiri peke yake, hata mtoto wa madrasa anajua. Akayarudia mara ya pili, na jua linaniunguza shingo.

Jirani yangu Evarista ni Mkatoliki, lakini kukaa karibu nasi kumemfundisha saa za swala kuliko baadhi ya waumini ninaowajua. Alichungulia juu ya uzio, akanisalimu Kihehe. "Mama Hamza, kamwene. Leo mna sikukuu?"

"Hapana, dada. Spika imeharibika."

Uongo wa kijinga, lakini ndio uliokuwa karibu na mdomo.

Ahmadi akarudi. Kanzu imenyooka, kofia iko sawa, anatembea polepole akitazama nyumba yetu kama mtu anayetafuta namba ya mlango. Akafika mbele yangu, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mume wangu. Mkubwa kwangu kwa miaka mingi, amenizalisha Hamza, mwenye jina la baba yangu, aliye chuo sasa, ananiamkia mimi. Ungo ulinitoka mikononi na mchele wote ukamwagika.

Nirudi nyuma kidogo, usije ukadhani nimeolewa na kichaa. Ahmadi ni mfanyabiashara wa vitunguu. Alizaliwa Ruaha Mbuyuni, akaanza kwa kubeba magunia mpaka akawa na lori lake. Ni mwadhini wa msikiti wetu kwa hiari yake, halipwi, na kitu anachojivunia duniani ni hicho, si lori. Hajawahi kuonja pombe, hata ulanzi ule mtamu wa asubuhi ambao watu wa hapa wanauita juisi. Kwa hiyo alipotapika damu sebuleni, nyekundu, beseni zima, na hospitali ikasema ini lake limekakamaa na kusinyaa, watu wa mtaa walitazamana. Ini si ugonjwa wa walevi? Kumbe yule mwadhini! Daktari alisema ni kirusi cha homa ya ini, kimekaa naye huenda tangu utotoni. Nani alisikiliza? Watu wanapenda kuamini kile kinachowachekesha.

Mishipa ya koo ikafungwa kwa vipira, ikapasuka tena. Ndipo tukapelekwa Mbeya kwa upasuaji.

Daktari wa huko anaitwa Asukile, Mnyakyusa mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Alimkalisha Ahmadi akamweleza kwa lugha ya barabarani, maana alishaambiwa mgonjwa ana lori.

"Mzee, ini ni mizani," akasema. "Damu yote inayotoka tumboni lazima ipite pale ipimwe, uchafu ushushwe. Mizani yako imekakamaa, haipitishi. Foleni imekuwa ndefu mpaka malori yanaingia vibarabara vya vijijini, kule kwenye koo. Vibarabara havihimili uzito, vinapasuka, unatapika damu. Mimi nitatoa bandama, halafu nitachukua mshipa wake niuunge kwenye mshipa wa figo. Nakukatia mchepuko."

Ahmadi, mgonjwa vile, akacheka. "Daktari, miaka yote natafuta njia ya kukwepa mizani. Leo unanikatia wewe mwenyewe?"

"Ndiyo. Lakini malori mengine yatapita bila kupimwa. Na barabara hiyo inafika kichwani."

Siku ya kutoka, daktari aliniita pembeni akanipa chupa za dawa ya maji, nzito, tamu kama sharubati. Akaniambia dawa hiyo ndiyo trafiki wa kwenye mchepuko. Inasafisha utumbo, mgonjwa anapata choo laini mara mbili tatu kila siku, asiruke hata siku moja, maana uchafu ukikaa tumboni unapanda kichwani. Kisha akasema jambo nililolichukia.

"Mama, inaweza kufika siku ukamtazama ukaona si yeye. Siku hiyo usibishane na macho yako. Mpeleke hospitali upesi."

Daktari gani huyu anayenitabiria mume wangu atabadilishwa? Nikaitikia kwa adabu, na moyoni nikamtukana njia nzima mpaka Iringa.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Mama mkwe wangu, Bi Rukia, alipanda kutoka Ruaha Mbuyuni kuja kumwuguza mwanawe, na bibi yule akija anakuja na shamba lake: nyanya, vitunguu, na maneno. Damu haikurudi tena. Ahmadi akaanza kwenda msikitini. Kila asubuhi na kila jioni nilimpimia dawa kikombeni kwa mkono wangu, namwona anabugia, kisha anakwenda kwenye jiwe lake pale uani, karibu na pipa la maji, kutia udhu. Nikimwuliza habari za choo ananikata, "Nimeshakwenda, mwanamke. Hata hilo tutangaze kwenye spika?"

Halafu wakaja sisimizi.

Weusi, wadogo, wametokea chini ya ukuta wa nyuma, wakavuka uwanja kwa mstari mmoja, wakaishia kwenye lile jiwe. Si jikoni kwenye sukari, si kwenye chungu cha maharage, pale kwenye jiwe tu. Niliwamwagia majivu, wakapita pembeni ya majivu. Nikawamwagia mafuta ya taa, kesho yake wamerudi, wengi zaidi. Walikuwa wanazunguka jiwe analokalia mume wangu kutawadha, wanatulia hapo, hata hawabebi kitu. Bi Rukia alikuwa akiwatazama muda mrefu, mtandio mdomoni.

"Saida," akaniambia siku moja, "sisimizi hawajikusanyi bure. Kuna kitu wamekiona."

"Wameona nini, mama?"

Akaingia ndani.

Na Ahmadi akaanza kubadilika. Si kwa kishindo. Usiku anazunguka nyumbani, mchana analala kitini na mdomo wazi. Anakosea vifungo vya shati, anafungua, anakosea tena palepale. Alikuwa mtu wa utani, ukimgusa anakurudishia; sasa nikimtania ananitazama kwa upole, akisubiri nimalize. Upole ule ndio ulionitisha. Ahmadi si mpole. Na pumzi yake ikawa na harufu nisiyoijua, tamu, ya papai lililosahauliwa kabatini. Nikilala naye kitanda kimoja nilikuwa nampa mgongo, na nikijiuliza kwa nini, sikutaka kujijibu.

Basi tukafika siku ile ya adhana na shikamoo.

Nilimshika mkono nikamwingiza ndani. Akakataa kukaa kwenye kiti chake. Akakaa kwenye kigoda cha mlangoni, pale wanapokaa watu waliokuja kudai au kuomba, viatu miguuni, mikono juu ya magoti.

"Ahmadi, vua viatu."

"Nashukuru, mama. Sikai sana." Akatazama ukutani, penye picha yetu ya harusi, kisha akanigeukia akiwa ameshusha sauti, kama mtu anayeona haya kuuliza. "Samahani. Mwenye nyumba amekwenda wapi? Nimemsubiri siku nyingi."

Sura ni yake. Kovu la kidevuni, alilolipata kwa kufungua tairi, lipo. Sauti ni yake. Lakini aliyekuwa ndani ya macho yale hakuwahi kuniona hata siku moja. Naapa. Mwanamke anamjua mumewe hata gizani, na mimi mchana kweupe sikumjua yule.

"Nyoosha mikono yako," nikamwambia, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuona kucha zake.

Akanyoosha. Viganja vikaanza kudondoka na kuinuka, kudondoka na kuinuka, kama anampungia mtu aliye mbali. Alivitazama na yeye kwa mshangao. Hakuvizuia.

Nyuma yangu Bi Rukia alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani. Nilimsikia akitoa pumzi.

"Huyu si Ahmadi," akasema. "Mwanangu wamebaki naye Mbeya. Wametuletea mtu mwingine ndani ya ngozi yake."

Ningemkemea. Siku nyingine yoyote ningemkemea, mama mkwe au si mama mkwe. Lakini alikuwa ametamka kilichokuwa kimenikaa kooni, na nilichofanya ni kulia.

Bi Rukia akampigia simu Farhan, mdogo wake Ahmadi, aje na gari lake aina ya Noah. Kuna mtaalamu, akasema, ng'ambo ya Ipogolo, anarudisha watu waliochukuliwa. Farhan akafika mbio, akamwona kaka yake akimwamkia na yeye, akakaa chini barazani kichwa mikononi. Hakuna aliyebisha. Tulimfungia nguo zake, tukamwekea na mswala wake.

Wakati wote huo Ahmadi alikuwa anazidi kulegea. Anafumba macho, tunamwita, anafumbua, kila mara anachelewa zaidi kidogo. Nikakumbuka dawa yake ya asubuhi, sikuwa nimempa kwa yale mahangaiko. Nikampimia kikombeni, kwa mazoea tu, maana unampa vipi dawa mtu usiyemjua? Akabugia. Kisha akasimama, yeye ambaye alikuwa hasimami vizuri, akashika ukuta, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye lile jiwe.

"Anakwenda wapi?" Farhan akauliza.

"Kutia udhu," nikasema. "Kabla ya safari hutia udhu."

Mwili ulikumbuka kile ambacho kichwa kilishasahau. Nikamfuata na birika nimmiminie maji. Akaosha viganja. Akachota maji, akayapeleka mdomoni kusukutua, mashavu yamejaa, akatema.

Sisimizi wakaja. Walikuwa wamesimama pembeni ya jiwe wakingoja, na mate yale yalipogusa ardhi wakayavamia.

Nikachutama. Nikachovya kidole pale chini, kwenye tope, nikakiweka ulimini. Bi Rukia akapiga ukelele kwamba na mimi nimeshaingiwa. Tope lilikuwa tamu.

Kila siku! Kila asubuhi na kila jioni, mbele ya macho yangu. Alikuwa anabana dawa shavuni, anaondoka nayo, anaisukutua pamoja na maji ya udhu, anaitema kwa sisimizi. Nikaelewa na sababu palepale, bila kuambiwa, maana namjua mtu wangu. Mwadhini gani atakaa safu ya kwanza tumbo linanguruma, udhu unamtoka kila baada ya muda mfupi, anakatisha swala kukimbilia chooni mbele ya watu walewale waliosema ni mlevi? Aliona haya. Akaona heri akae bila dawa kuliko akae bila udhu.

Na yule daktari niliyemtukana njia nzima alishaniambia. Siku ukimtazama ukaona si yeye.

Nikapiga simu Mbeya. Dk. Asukile akapokea. Nikamweleza yote, ya sisimizi na ya shikamoo, na hakucheka.

"Amekosa dawa muda mrefu, mama. Uchafu umepanda kichwani. Anaamka ukimwita?"

"Anachelewa."

"Basi mpelekeni hospitali hapohapo Iringa, sasa hivi. Msimlete huku, barabara ni ndefu, usingizi huo utamchukua njiani. Nitazungumza na wenzangu wampokee."

Nilikuwa nimeiweka simu kwenye spika. Bi Rukia akaninyang'anya.

"Wewe daktari. Mwanangu yuko wapi?"

Nikamwomba Mungu daktari asimjibu kisomi.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko njiani, bibi. Amepotea kwenye mchepuko niliomkatia mimi. Tutamrudisha."

"Nitajuaje kama ni yeye?"

"Muulize neno ambalo mnalijua wewe na yeye tu."

Bibi akanitazama. Nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia, "Mama, umesema kweli, huyu si yeye, na mimi nimemwona. Lakini huko ng'ambo ya Ipogolo hawajui amekwama wapi. Daktari anajua, maana barabara ni yake." Kisha nikasema ukweli wote kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Tukikosea njia leo, mama, tutazika."

Akafunga mtandio. "Farhan, washa gari. Hospitali."

Ahmadi alikuwa ameshalala tulipofika, tukimwita haitikii tena, mdomo unatoa ile harufu. Wauguzi wakamwekea dawa ileile tamu kwa njia ya chini, nyingi, wakarudia, wakamwekea na mpira wa puani. Walikuwa wakimsafisha na kumgeuza, na mimi na Bi Rukia tulikaa kwenye benchi, tumeshikana vidole. Mimi niliogopa mambo mawili. Niliogopa atakufa, na niliogopa ataamka yule mwingine. Kusema kweli, sikujua lipi naliogopa zaidi.

Alifumbua macho adhuhuri ya kesho yake. Akatazama dari, akatazama mpira wa puani kwa hasira, akanitazama mimi.

"Saida. Mbona umevaa khanga ya mama?"

Nilikuwa nimeivaa kweli, yangu ilichafuka. Nikaanguka kifuani kwake nikalia kwa sauti mpaka muuguzi akanisogeza. Bi Rukia hakulia. Aliinama sikioni kwake kama hakimu.

"Ulikula nini shambani ukiwa mdogo, nikakuchapa?"

Akafikiri. Tukasubiri. Kwa kweli alichukua muda mrefu sana.

"Vitunguu vya mbegu," akasema. "Ukaniambia nitaota majani masikioni. Nikalala nimeyashika masikio."

Hapo ndipo bibi alipolia.

Jioni, tulipobaki wawili, nikamsimulia alivyoniamkia na alivyouliza mwenye nyumba. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Nakumbuka kidogo," akasema. "Nilikuwa nimekaa mlangoni kwa watu. Nikawa namngoja mwenyewe atoke, kwa sababu nilikuwa namsikia, Saida. Alikuwa chumbani. Alikuwa akikohoa."

Siku ile kule chumbani hapakuwa na mtu. Bi Rukia alikuwa kasimama mlangoni pake, na Bi Rukia hana kikohozi.

Tukarudi nyumbani na tukagombana, tena kwa raha zangu, maana nilikuwa nagombana na mtu ninayemjua. Sheikh wa msikiti alikuja mwenyewe akamwambia mwenye udhuru wa maradhi anatia udhu kila wakati wa swala unapoingia, anaswali, na kimtokacho hapo katikati ni maradhi, si kosa. Ahmadi akaitikia. Sheikh alipoondoka akanigeukia.

"Nikiinywa sina udhu. Nikiiacha sina akili. Wewe ungechagua nini?"

"Mungu anakutaka wewe," nikamwambia. "Yule mgeni hamtaki, hata kama ana udhu."

Tangu siku hiyo anakunywa mbele yangu, anameza, anapanua mdomo nione, kisha namwuliza, "Mimi nani?" Anajibu, "Saida binti Hamza, mkorofi wa Kihesa." Ndipo namruhusu aende kwenye jiwe lake. Sisimizi walihama wenyewe.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nafagia uani karibu na adhuhuri. Ahmadi ameshatoka. Nikafika kwenye jiwe, ufagio ukakwama mkononi. Mstari mmoja, mweusi, kutoka chini ya ukuta.

Kipaza sauti kikakoroma. Akaanza kuadhini. Nilisimama palepale, sisimizi wanapita kati ya vidole vya miguu yangu, nikasikiliza kila neno. Alifika pale ambapo alfajiri husema yale maneno, akanyamaza. Kimya kikawa kirefu, kirefu kuliko pumzi ya mtu. Nilimsikia Evarista upande wa pili wa uzio ameacha kutwanga, na yeye anasikiliza.

"Allahu akbar, Allahu akbar," akaendelea mpaka mwisho, sawasawa kama ipasavyo.

Aliporudi baada ya swala nilikuwa mlangoni na kikombe. Akawatazama sisimizi, akanitazama mimi. "Leo tu nimejitapisha, kwa ajili ya Ijumaa," akasema, haya zimemjaa usoni. Nikamnyooshea kikombe. Akanywa, akameza, akapanua mdomo.

"Mimi nani?"

Akanitazama. Alikuwa amesimama nje ya kizingiti, viatu miguuni, mikono imetulia ubavuni. Midomo yake ilicheza kidogo, lakini sikuona kama ni kicheko.

"Mwenye nyumba," akasema.

Huenda alikuwa ananitania. Ahmadi ni mtu wa utani. Nikammiminia kikombe cha pili.